Kifuu Vitani

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa mdogo kule Pangani, bibi yangu hakukubali mtu atupe kifuu. Makaa ya miti yalikuwa ya jikoni. Ya vifuu aliyaweka kwa ajili ya pasi. Akisema haya hayarushi cheche wala hayamwagi vumbi juu ya kanzu ya mtu. Sikujua kuwa jambo hilohilo liliwahi kuwashughulisha majenerali.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini, upepo ukaipeleka hadi kwenye mahandaki ya adui. Watu walikufa kama waliozama, nao wako nchi kavu. Mwanzoni askari walijifunga puani vitambaa vilivyoloweshwa dawa. Mwaka huohuo mkemia Mrusi, Nikolai Zelinsky, akaonyesha kwamba mkaa uliotayarishwa vizuri hunasa sumu.

Lakini mkaa wa kitu gani? Maana mkaa, msikilizaji, hurithi umbo la mzazi wake. Mti mwororo una mishipa mipana ya kupitishia maji. Ukichomwa, mishipa ile hubaki matundu makubwa, na mkaa wake huvunjika upesi. Kifuu kimeshikamana. Kikichomwa bila hewa, kisha kikapitishiwa mvuke wenye joto kali, hutoboka vitundu visivyoonekana kwa macho, vingi hata gramu moja ikawa na kuta za ndani zenye eneo la meta za mraba 1,000 hivi. Sumu ikiingia humo hunata. Tena mkaa huo ni mgumu, hausagiki ndani ya mkebe askari anapokimbia.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ilitaka vifuu. Havikutosha. Mwaka 1918 wananchi wakaombwa wakusanye kokwa za mapichi na maganda magumu ya jozi. Wakaambiwa kokwa 200 zinatosha barakoa moja. Tunda kula mwenyewe, kokwa lete!

Vita viliisha Novemba 1918, lakini kifuu hakikustaafu. Migodi mikubwa ya dhahabu huyeyusha dhahabu kwa sayanaidi, kisha hutia mkaa wa vifuu ndani ya tope ili dhahabu inate. Mkaa mwororo ungesagika humo, na vumbi lake lingetoka na maji machafu likiwa limebeba dhahabu.

Mara ya mwisho nilipopita Pangani, vifuu vilikuwa vimelundikwa kando ya barabara, vikichomwa pamoja na taka.