Ngome ya Alanya: Kuta Zilibaki, Dola Ikaanguka

Nilipoipanda ngome ya Alanya, katika pwani ya kusini ya Uturuki, nilikuwa na swali moja: boma imara kiasi hiki lilitekwaje? Rasi yenyewe ni jabali lililochomoza katika Bahari ya Mediterania, lenye kimo cha takriban mita 250, na kuta zake zina urefu wa zaidi ya kilomita 6. Anayesimama juu huviona vyombo vyote vinavyokuja.

Jibu ni kwamba halikuvunjwa, lilikabidhiwa. Mwaka 1221 Alaeddin Keykubad wa Kwanza, sultani wa Waseljuki wa Anatolia, aliuzingira mji huu, wakati huo ukiitwa Kalonoros, chini ya mtawala Mkristo aliyeitwa Kyr Vart. Mzingiro ulimalizika kwa mapatano. Kyr Vart aliusalimisha mji, akapewa eneo jingine mbali na bahari, na binti yake, Mahperi Hatun, akaolewa na sultani.

Ushindi wa namna hiyo ulihitaji kutunzwa, na sultani alijua kuutunza. Ndani ya boma la juu lingali limesimama kanisa dogo la enzi za Wabizanti, Waseljuki hawakulibomoa. Chini, penye bandari, upo Mnara Mwekundu wa pembe nane, wenye kimo cha mita 33, uliojengwa mwaka 1226. Mjenzi wake, Abu Ali, alitoka Aleppo, nchini Syria, na jina lake limechongwa katika jiwe. Kando ya maji ipo karakana ya kuundia merikebu, yenye kumbi tano za matao. Mbao zilipatikana katika misitu ya milima ya Taurus iliyo nyuma ya mji. Karne moja baadaye Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa, alishuka hapa, akaeleza jinsi mbao hizo zilivyopelekwa Aleksandria na Dimyati. Nguvu ya Alanya, basi, ilikuwa katika biashara na mapatano, na ukuta ulikuwa mlinzi wa hayo.

Keykubad alifariki mwaka 1237, akarithiwa na Keyhüsrev wa Pili, mwana wa Mahperi Hatun, mjukuu wa yule aliyeusalimisha mji. Mwaka 1240 Waturkmeni, raia wake mwenyewe, waliasi wakiongozwa na Baba İshak, na uasi huo ulizimwa kwa taabu kubwa na damu nyingi. Miaka mitatu tu baadaye, Wamongolia walilishinda jeshi lake huko Köse Dağ, mbali sana kaskazini-mashariki, na dola ikawa ya kulipa kodi kwa wageni.

Ndugu msomaji, siku ile ya Köse Dağ kuta za Alanya zilikuwa nzima. Hazikuwa na la kufanya, kwa kuwa lililokuwa limevunjika ni uhusiano wa mtawala na watu wake. Wako watawala wa leo wanaozidisha bajeti ya silaha na kuongeza walinzi malangoni, huku wakiziba masikio wasisikie manung'uniko ya raia. Wangepanda jabali la Alanya wangeona kwamba mawe yanaweza kudumu miaka 800 bila kuiokoa serikali iliyoyapanga.