Utando wa chupa ya uzazi unavyotumika kupunguza kovu la upasuaji wa makengeza

Upasuaji wa makengeza hauishii kwenye kushona. Daktari hulegeza au hukaza misuli inayozungusha jicho, ambayo ni sita kwa kila jicho. Shida huja baadaye: kidonda kikipona, kovu linaweza kuugandisha msuli kwenye weupe wa jicho na nyama za jirani. Jicho linakuwa zito kugeuka, makengeza yanaweza kurudi, na wengine huanza kuona vitu viwili viwili. Kulipasua tena jicho lile lile si kazi rahisi, maana kila upasuaji huleta kovu lake.

Ndiyo maana baadhi ya madaktari hutumia utando wa amnioni, yaani ngozi nyembamba ya ndani ya ile chupa inayopasuka mama anapojifungua. Hauna mishipa ya damu, hutuliza uvimbe na huzipunguza kasi chembe zinazojenga kovu. Huzungushiwa msuli au huwekwa chini yake ili usishikane na jicho, kisha huyeyuka wenyewe.

Hutolewa kwa ridhaa ya mama anayejifungua kwa upasuaji uliopangwa, akishapimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Mara nyingi hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kwenye macho utando huu ulianza kutumika mwaka 1940. Kwa upande wa misuli, ushahidi mwingi umetoka kwa sungura na wagonjwa wachache, na matokeo hayalingani. Hufikiriwa zaidi kwa mtu aliyekwisha kupasuliwa, halafu jicho likagoma kugeuka.