Moshi, Maskini na Sauti ya Wenyeji
Katika waraka Laudato Si' (2015), namba 20, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba hewa chafu, ukiwamo moshi wa kupikia, huwadhuru hasa maskini. Namba 183 yawapa wenyeji nafasi ya pekee katika maamuzi ya mazingira.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwetu Itungi, Jumuiya Ndogo Ndogo zivitambue vyanzo vya moshi, jikoni na penye kukaushia samaki, kisha zivifikishe kwenye mkutano wa kijiji. Mama akaushaye samaki asikilizwe kabla ya kukatazwa: ndiye auvutaye moshi, na kwa moto huohuo huwalisha wanawe.