Maji yaliyojificha ndani ya nyumba: yagundue kabla ukuta haujaanguka

Kila msimu wa mvua habari za aina hii hurudi hewani: ukuta umeanguka usiku, watu wakiwa wamelala. Na mara nyingi majirani husema nyumba ile ilionekana nzima. Ilikuwa na lipu, imepakwa rangi, hata ufa wa kutisha haukuwepo. Lakini ndani ya ukuta maji yalikuwa yameshafanya kazi yake kwa miezi, pengine kwa miaka.

Msikilizaji, maji ya namna hii hutoa dalili mapema, na wewe mwenyewe unaweza kuziona. Huhitaji kifaa cha kununua. Unahitaji macho, pua, mkono, msumari, penseli, kipande cha nailoni na tochi ya simu yako.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: mahali doa linapoonekana si lazima pawe ndipo maji yanapoingilia. Maji hutembea. Hufuata mbao, hufuata ufa, hupanda kutoka ardhini, kisha hutokea mbali na yalikoanzia. Kwa hiyo kazi yako ni kulifuata doa mpaka lilikotoka, si kulifunika.

Kwa nini nyumba yenye lipu nzuri huanguka

Tofali mbichi likiwa kavu lina nguvu ya kubeba paa. Likilowa, linarudi kuwa tope. Tofali za kuchoma hustahimili zaidi, lakini nyumba nyingi vijijini zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji. Maji yakipita hapo, udongo ule huoshwa, tofali zikabaki zimepangwa tu.

Lipu ya saruji ni ngumu. Ukuta wa udongo ukivimba kwa unyevu na kusinyaa kwa jua, lipu haiufuati, hivyo inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia kwenye nyufa hizo, lakini unyevu hautoki kirahisi kwa sababu saruji imeuziba. Mwishowe lipu inasimama kama ganda la yai, na ndani udongo unamomonyoka. Kwa nje nyumba inapendeza, kwa ndani inakwisha.

Anza nje, chini ya ukuta

Zunguka nyumba taratibu, ikiwezekana mara baada ya mvua kukatika. Tazama haya:

- Maji yanasimama wapi? Ardhi inatakiwa kushuka kutoka ukutani kwenda nje, kama sentimita 5 kwa kila mita 1. Ukiona dimbwi limeegemea ukuta, hapo ndipo pa kuanzia.
- Je, sehemu ya chini ya ukuta imeliwa, kama panya ameitafuna? Hiyo ni kazi ya matone ya paa. Yanapiga ardhi na kurukia ukuta kila mvua.
- Ardhi imepanda kufikia tofali za juu ya msingi? Kufagia uwanja na kutupa majivu kwa miaka mingi huweza kuuzika msingi.
- Kuna shimo karibu, labda lile mlilochimba udongo wa tofali, au la taka, au la maji machafu? Likijaa, maji yake hupenya kwenda chini ya msingi.
- Maji ya vyombo na ya kufulia humwagwa wapi? Migomba inayomwagiliwa iko umbali gani na ukuta?

Kama unaishi kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa sehemu nyingi za Shinyanga na Simiyu, kuwa makini zaidi. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kila unapofanya hivyo huutikisa msingi. Dalili yake ni nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kwenye kona za madirisha na milango.

Ingia ndani: doa liko urefu gani?

Urefu wa doa hukuambia mengi kuhusu chanzo.

*Chini, kuanzia sakafuni hadi kama mita 1.* Haya huwa ni maji ya ardhini, yanayopanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mara nyingi utaona mstari wa unga mweupe wenye chumvichumvi, na rangi inabanduka. Kama hata kuta za katikati ya nyumba zina mstari huo, huenda msingi haukuwekewa nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Kama ni ukuta mmoja tu wa nje, toka ukatazame kuna nini upande wa pili.

*Katikati, kuzunguka dirisha.* Hii huwa ni mvua inayosukumwa na upepo. Tazama nafasi kati ya fremu na ukuta, na kizingiti cha chini cha dirisha kama kimeinamia ndani.

*Juu, karibu na dari.* Chanzo ni paa.

*Doa moja lisilokauka hata kiangazi.* Kama nyumba ina maji ya bomba, shuku bomba lililopita ukutani au chini ya sakafu.

Sogeza pia vitu vilivyoegemea ukuta: kabati, kitanda, magunia. Unyevu hupenda mahali hewa isipopita. Harufu ya uvundo isiyoisha hata ukifungua madirisha ni dalili tosha ya kutafuta ukungu nyuma ya vitu hivyo. Ukungu huwasumbua hasa watoto na wenye pumu.

Magunia ya mahindi na karanga yana hatari ya ziada. Nafaka ikipata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye chakula. Weka magunia juu ya chaga za mbao na uyaache mbali kidogo na ukuta.

Paa: tafuta nyota mchana

Saa sita mchana, jua likiwa kali, funga milango na madirisha kisha tazama bati kwa ndani. Tundu lolote litaonekana kama nyota. Kama kuna dari, chungulia kupitia mlango wake, ukikanyaga mbao tu, si dari yenyewe.

Kumbuka kwamba maji yakiingia kwenye tundu huteremka kwa kufuata kenchi au papi kabla ya kudondoka. Kwa hiyo tundu huwa upande wa juu zaidi kuliko doa. Kagua misumari: inatakiwa kupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita. Kagua pia raba za misumari ambazo jua limezikausha, kofia ya juu ya paa, na pale bati moja linapolalia lingine.

Kwa paa la nyasi, tafuta sehemu zilizogeuka nyeusi, zinazonuka au zilizobonyea.

Ukishindwa kuona tundu, subiri siku kavu. Mtu mmoja asimame kwenye ngazi imara na kumwagia paa maji, mwingine akitazama ndani. Anzeni chini na kupanda taratibu. Mkianza juu, maji yatapita kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Msikanyage bati lililolowa, linateleza.

Vipimo vitano vya nyumbani

1. Gonga. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole au kijiti. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachia hulia kama debe tupu. Zungushia sehemu hiyo alama ya penseli.

2. Choma kwa msumari. Jaribu fremu za milango, nguzo na mbao za paa. Ubao mzima hukataa, uliooza hupokea msumari kama ndizi. Ukiona na vijia vya udongo vya mchwa, jua kuna unyevu karibu, maana mchwa wa ardhini hawaishi bila unyevu.

3. Bandika nailoni. Chukua kipande cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani au sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, kikae siku nzima. Unyevu ukionekana upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukionekana upande wa chumba, ni mvuke wa kupikia na wa pumzi zetu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

4. Pima ufa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha piga picha kwa simu. Rudia kila wiki. Ufa uliotulia hauna haraka, unaotembea una habari ya kukuambia.

5. Soma mita. Wenye maji ya bomba, fungeni koki zote, someni mita, msitumie maji kwa saa 2. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja.

Tahadhari: ukikuta unyevu karibu na swichi, soketi au taa, usiguse. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, kisha umwite fundi umeme.

Usianze na lipu

Wengi wakiona doa humwita fundi na kumwambia, "Fundi, nipigie lipu hapa." Fundi naye hufanya alichoombwa. Baada ya msimu mmoja doa linarudi, na safari hii ukuta umezidi kuoza. Kabla ya kukubaliana bei, muulize swali moja: "Fundi, maji haya yanaingilia wapi?" Asipoweza kukuonyesha, bado hajajua anachotengeneza.

Utaratibu sahihi una hatua tatu. Kwanza ondoa maji: chimba mchirizi wa kuyapeleka mbali, weka gata, ziba tundu la paa, fukia shimo, au jenga ukingo wa mawe na saruji kuzunguka nyumba. Pili, acha ukuta ukauke. Hii huchukua wiki kadhaa, na kwa ukuta mnene hata miezi. Tatu, ndipo urekebishe. Kwa ukuta wa tofali mbichi, lipu ya udongo uliochanganywa na chokaa huacha unyevu utoke vizuri kuliko saruji tupu.

Kama fedha ni kidogo, tumia jembe kwanza. Mchirizi mzuri ni jasho lako tu, na mara nyingi huokoa ukuta kuliko mfuko wa saruji.

Dalili za kuondoka usiku huohuo

Usisubiri asubuhi mvua ikiwa inanyesha na ukaona mojawapo ya haya:

- ukuta umetuna au umeinama;
- ufa umepanuka tangu jioni;
- mlango uliokuwa ukifunga vizuri umekwama ghafla;
- udongo unadondoka ukutani au unasikia mlio wa kupasuka;
- maji yamezunguka msingi na sehemu ya chini ya ukuta imelainika.

Amsha watoto na wazee, tokeni, mkalale kwa jirani au ndugu. Msirudi kuchukua vyombo. Mtu akifukiwa, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mjulishe mwenyekiti wa kitongoji.

Kagua lini?

Kwa maeneo yenye misimu miwili, kagua Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika. Kwa mikoa yenye msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba, kagua Oktoba, na tena Mei au Juni mvua zikiisha, wakati madoa bado mabichi na mafundi wana nafasi.

Na kama leo huna muda wa yote, fanya moja: sogeza kitanda cha watoto, kisha gonga ukuta ulio nyuma yake.