Saida Karoli: Wimbo wa Asili ni wa Nani?

Mwaka 2016, wimbo "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny ulipokuwa ukipigwa kila kona ya nchi, niliwauliza wanafunzi wangu wimbo ule ulitoka wapi. Wengi walijibu bila kusita kwamba umetoka Tandale. Binti mmoja wa Muleba, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huo ni wa Saida Karoli, na wa kwake una Kihaya ndani." Darasa likaangua kicheko, kana kwamba Kihaya ni kichekesho.

Kicheko hicho kina historia yake. Kwa miongo mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha za makabila hazikupewa vipindi, na sababu yenyewe ilieleweka: taifa changa lilihofia kugawanyika. Mimi si mpinzani wa sera hiyo; bila Kiswahili nisingekuwa nafundisha vijana wa Mtwara na wa Kigoma katika chumba kimoja. Lakini sera hiyo hiyo iliacha upenyo mmoja, nao ni muziki. Tulicheza Kilingala miaka na miaka, tukiimba kwa kubahatisha maneno, na hakuna aliyesema umoja wetu umetikisika.

Kagera yenyewe ilifahamika kitaifa kwa misiba. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, waliogundulika huko mwaka 1983. Kisha Mei 21, 1996, MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza ikaondoka na mamia ya watu. Kwa upande wa utani tulikuwa na "nshomile", yule Mhaya msomi anayejisifia vyeti vyake. Ndipo mwaka 2001 akasikika mwanamke kutoka vijiji vya Bukoba, na albamu iliyobeba jina la "Maria Salome", akiimba Kihaya kilichochanganywa na Kiswahili. Hakuwa anaomboleza wala kujisifia usomi. Alikuwa anapiga ngoma.

Ngoma hiyo inahitaji maelezo. Katika Kihaya, kama katika lugha nyingine za falme za eneo la maziwa makuu, neno "engoma" humaanisha ngoma na humaanisha pia utawala. Kutawazwa kuwa mkama ni "kula ngoma". Huko Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Muleba, na huko Kiziba, Kyamutwara na Karagwe, ngoma za kifalme zilikuwa na heshima ya kiti cha enzi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, ngoma zikabaki bila ikulu. Pembeni mwake kulikuwa na enanga, ubao uliochongwa kama chano kirefu na kupitishiwa nyuzi, ambao mtambaji huupiga huku akisimulia habari za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizikusanya na kuzichambua tendi hizo, akatetea hoja kwamba watambaji wa nanga, akiwamo Habibu Selemani, ni wasanii wa utendi kwa maana kamili ya neno hilo. Kazi ya enanga ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya wanaume.

Saida hakurithi baraza la wakama. Kwa sikio langu, alirithi kitu ambacho wanahistoria tumekipuuza zaidi: nyimbo za harusi, za migombani, za wanawake wanaoitikiana jioni. Aliyekuwa akiitwa mwitikiaji akawa kiongozi wa wimbo. Humo ndimo ninamoona uzito wa kazi yake. Marehemu Hukwe Zawose alikwisha kuupeleka muziki wa Wagogo hadi Ulaya, akarekodi na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, nasi tukamwonea fahari. Hata hivyo katika kumbi zetu za starehe alikuwa mgeni. Saida aliziteka kumbi hizo hizo. Watu wa Tanga na Songea walijifunza kutamka Kihaya kwa sababu walitaka kucheza, na hiyo ni sababu nzuri kuliko zote ninazozijua za kujifunza lugha.

Ninapotofautiana na wengi ni katika lile jina la "muziki wa asili" alilobandikwa. Linasikika kama sifa, lakini tulitazame vizuri. Mwimbaji wa bongo fleva anaitwa mtunzi. Saida anaitwa wa asili, kana kwamba alizikuta nyimbo zimeanguka chini ya mgomba akazibeba kwenye kikapu hadi Dar es Salaam. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na ina sehemu ya pekee kuhusu sanaa za jadi za jamii. Kwa hiyo jina tunalompa mtu lina bei. Akiitwa mtunzi, kuna wa kuombwa ruhusa. Wimbo ukiitwa wa asili, watu husema ni wa wote, na katika biashara ya muziki "wote" huwa ni yule mwenye studio.

Nasema haya nikiwa na kidonda changu. Shangazi yangu huko Muleba ni mwimbaji wa harusi. Miaka mingi iliyopita alikuja mtu na kinasa sauti, akamrekodi mchana mzima, na baada ya miezi michache sauti yake ikawa inauzwa kwenye kaseti katika stendi ya mabasi. Alilipwa kanga moja na nauli ya kurudi nyumbani. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada; paliandikwa "nyimbo za asili".

Saida jina lake liliandikwa, na hilo halikuwa jambo dogo. "Salome" ya 2016 ilimrudisha midomoni mwa vijana ambao walikuwa watoto wachanga, au hawajazaliwa, alipovuma mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alitoka na "Orugambo", neno la Kihaya lenye maana ya maneno ya watu, umbeya. Sijui jina jingine ambalo lingemfaa zaidi wakati ule.

Likizo iliyopita nilikuwa kwenye harusi, njia ya Kemondo. Vijana walimwomba shangazi awaimbie "ule wa kwenye kaseti", bila kujua wanazungumza na nani. Aliwaimbia. Niliyekaa karibu naye nikagundua kwamba ubeti wa mwisho ameubadilisha, na nilipomuuliza akasema huubadilisha kila mara.