Kuja (kitenzi cha Kisukuma)

Kuja ni kitenzi cha mwendo katika Kisukuma, lugha ya Kibantu yenye namba F21 katika uainishaji wa Malcolm Guthrie. Maana yake ni "kwenda". Anayekaribia hutajwa kwa *kwiza*. Kinyamwezi, lugha jirani, nacho kina kitenzi hicho kwa maana hiyohiyo. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili hukwama hapa mapema, na inafaa aonywe tangu somo la kwanza: pale Tinde, mkoani Shinyanga, barabara ya Kahama inapoachana na ya Mwanza, anayesema kwa Kisukuma kwamba *anakuja* Kahama ndiyo kwanza anaondoka. Kikorea kina mtego unaofanana nao. Aliyeitwa huitika *gayo*, "naenda", kutoka kitenzi *gada*, pale Mswahili anapojibu "nakuja".