Usukani Uko Upande Gani?

Somo letu la leo ni historia, nasi tutaitafuta katika senema za zamani.

Senema iitwayo "Hatari!" ilipigwa pande za Arusha, kabla kidogo ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, ikatolewa mwaka 1962. Mle ndani John Wayne ameketi katika kiti kilichofungwa mbele ya lori, ameshika mti wenye kitanzi, anamfukuza kifaru. Kifaru yule ni wa kweli, na vumbi ni la kweli. Lakini senema nyingi zilizoitwa za Afrika zilitengenezwa California. Wageni ndio waliotupiga picha, na maneno waliyachagua wao. Je, tuamini lipi?

Tazameni motokaa. Marekani hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani wao uko kushoto. Sisi hupita kushoto, desturi tuliyoachiwa na Waingereza, na usukani wetu uko kulia. Basi ukiona Ford au Chevrolet ya zamani yenye usukani kulia, jua kwamba iliundwa ili iuzwe ng'ambo. Nyingi za namna hiyo zilitoka Kanada. Kampuni ya Ford ya huko ilianzishwa mwaka 1904, ikapewa haki ya kuuza motokaa katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza.

Tena someni herufi zilizo puani mwa gari: F-A-R-G-O. Kampuni ya Chrysler iliuza lori zake za Dodge katika nchi za nje kwa jina la Fargo, na pengine De Soto. Lori ni lile lile, kibao ndicho kilichobadilishwa! Asiyejua kusoma hawezi kuligundua jambo hili.

Ila jipu isikudanganye. Jipu za vita vya 1939 hadi 1945, zaidi ya 600,000, ziliundwa usukani ukiwa kushoto, hata zilizokwenda kwa Waingereza. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Kwa hiyo jipu ya namna hiyo haithibitishi kwamba senema ilipigwa Marekani.

Kazi ya juma hili: simameni Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Zambia. Andikeni majina ya lori kumi, na usukani wa kila moja uko upande gani. Lililoundwa kwa barabara za Kongo mtalitambua.